Mashine Niliyoisifu Bila Kuiona

Kabla sijagusa mashine yoyote ya kupiga randa iliyotoka kiwandani, nilikuwa nimeandika makala kumi na nne kuzihusu. Nilizihesabu juzi kwenye faili zangu za zamani. Kumi na nne, zote kwa Kiingereza, zote zikiwaambia watu wa Marekani ni thiknesa ipi wanunue kwa karakana zao za nyumbani. Mteja alikuwa ananilipa dola moja na nusu kwa kila maneno mia. Jina langu halikuwepo popote. Kulikuwa na picha ya mzee mmoja wa ndevu nyeupe na aproni ya ngozi, na chini yake imeandikwa kwamba amefanya useremala miaka thelathini. Mzee huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimekaa kitandani hosteli, laptopu inanichoma mapaja.

Kwa asiyejua, thiknesa ni mashine ya kuupa ubao unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaingiza ubao, rola zinauvuta, silinda yenye visu inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika inakwangua upande wa juu, na ubao unatokea nyuma ukiwa laini. Ukiunda meza kwa mbao nne, zote nne lazima zilingane unene, la sivyo meza yako itakuwa na ngazi. Basi. Hayo niliyajua kwa kusoma, kama vile mtu anavyoweza kujua bei ya nyama bila kuila.

"Tulizijaribu mashine saba kwa muda wa saa arobaini." Hiyo ni sentensi yangu. Tulizijaribu. Mimi na nani?

Na wakati huo wote, kilomita mia tatu na kitu kutoka hosteli, huko kwetu Kiminini, baba yangu alikuwa anapiga randa.

Karakana ya Baba iko nyuma ya nyumba: mabati juu, mabanzi pande tatu, upande wa nne wazi ili mwanga uingie na maranda yatoke. Mashine yake aliundiwa na fundi wa kuchomelea pale Kitale, kabla mimi sijaanza shule. Ni fremu ya vyuma vya pembe, meza mbili za bati nene, mota iliyotolewa kwenye mashine ya kusaga mahindi, mkanda, na silinda yenye visu viwili katikati. Hiyo haina rola. Ubao unausukuma mwenyewe kwa mikono juu ya visu. Unene unautafuta kwa macho, kwa mstari wa penseli ulioulima pembeni mwa ubao, na kwa kurudia. Kifuniko cha visu haijawahi kuwa nacho. Mwaka wa 2016 ilimla nusu ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Baba hupenda kusema alichonyimwa ni nafasi ya kuvaa pete tu, na kwamba Mama hakulalamika.

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Watu hupenda kusikia ni karo, na karo ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Lakini ukweli niliouficha nyumbani kwa muda mrefu ni kwamba kazi za kuandika zilikuwa zinalipa, na kila nikikaa darasani nilikuwa naona dola zikinipita. Nikakosa kipindi kimoja, nikakosa wiki, nikakosa mitihani. Nilipokuja kushtuka, jina langu lilikuwa halisomwi tena. Mama alijua 2020, kwa kuwa chuo kilifungwa wakati wa korona na kilipofunguliwa mimi sikurudi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi utarudi." Tangu siku hiyo, kwa Mama mimi sijaacha chuo. Mimi ni mtu anayekaribia kurudi.

Mwaka wa 2023 kazi zikakauka. Ile programu ya kujibu maswali ilitoka mwisho wa 2022, na kufikia katikati ya mwaka uliofuata wateja wangu watatu kati ya wanne walikuwa wananiandikia barua pepe fupi za kunishukuru. Sikushangaa sana. Kama kazi yako ni kusifu mashine ambayo hujaiona, mwishowe watapata kitu kinachoweza kusifu haraka kuliko wewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na begi mbili, nikaendelea na vikazi vya hapa na pale, na mchana nikawa namshikia Baba mbao.

Hapo ndipo nilianza kuona nilichokuwa naandika.

Jambo la kwanza nililogundua lilinitia aibu kidogo. Katika makala zangu zote niliandika kwamba thiknesa "inanyoosha ubao uliopinda". Siku moja nikamwambia Baba hivyo hivyo, kwa sauti ya mjuaji. Akacheka. Akachukua kipande cha saipresi kilichojikunja kama kigae, akakilaza mezani, akakibonyeza kwa viganja viwili mpaka kikalala chini sawasawa. "Sasa kimenyooka?" Nikasema ndiyo. Akakiachia, kikarudi kama kilivyokuwa. "Hizo rola zako zinafanya hivi. Zinabonyeza, visu vinapita, ubao ukitoka unarudi kupinda. Utakuwa na ubao mwembamba uliopinda." Mzee hajawahi kumiliki thiknesa. Aliona moja tu, miaka ya tisini, pale kwenye kiwanda cha mbao alichokuwa kibarua. Ilimtosha.

Yaani ni lazima upande mmoja unyooke kwanza, kwa mkono au kwa mashine kama ile yake, ndipo thiknesa ifuate huo upande. Kumi na nne, na hakuna hata moja iliyosema hivyo waziwazi. Nilifikiria mtu fulani huko Ohio amenunua mashine kwa sababu yangu, anashangaa kwa nini meza yake inacheza.

Na mbao zetu za siku hizi zimepinda kweli. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, Februari 2018, saipresi ya maana ikawa adimu, na watu wakaanza kukata za shambani, changa, zinauzwa zikiwa bado zinatoa maji. Rais Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini tabia ilishaingia. Paini nyingine inatoka Tanzania. Mvule unaletwa kutoka Uganda na Kongo, kwa bei ya kukufanya ushike kiuno. Baba hupanga mbao zake kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, na kuziacha miezi. Bado zinajikunja. Mti uliokatwa mtoto haujui kukaa.

Mwaka jana, mwezi wa nne, kanisa moja huko kwetu likamwagiza Baba mabenchi thelathini. Futi kumi kila moja, ya saipresi, kiti cha upana wa inchi kumi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata akiwa peke yake. Alipokea malipo ya kwanza, akanunua mbao, akaanza kuzipiga randa. Benchi la pili, bega lake la kulia likakataa. Siyo kuuma, kukataa. Alikuwa anainua mkono mpaka kimo cha kifua halafu unabaki hapo. Mama akampaka dawa ya misuli, daktari akamwambia apumzike wiki sita. Wiki sita, na mabenchi yanatakiwa mwezi wa nane.

"Mama," akaniambia. Baba huniita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama, hii mashine utaiweza?"

Nikajaribu. Nitakuwa mkweli: niliiogopa. Unasukuma ubao wa futi kumi juu ya visu usivyoviona, na ukifika mwisho mkono wako uko karibu na pale kidole chake kilipobaki. Siku ya tatu ubao uligonga fundo, ukarushwa nyuma, ukanipiga tumboni. Sikuumia sana. Nilikaa kwenye gogo nikitetemeka, na Baba, kwa mkono wake mmoja mzima, akaenda akachomoa waya ukutani. Hakusema kitu. Usiku huo nikafungua laptopu, nikaangalia pesa nilizokuwa nazo.

Zilikuwa elfu mia moja na hamsini, ongeza mia tano hivi. Zilikuwa za kurudi chuo. Mama alijua idadi kwa sababu nilimwambia mwenyewe, na nadhani alikuwa ameshamwambia kila mtu wa chama chake kwamba Septemba naenda.

Nikaanza kutafuta mashine, na hapo ndipo nilikutana na mimi. Unaandika jina la mashine, inakuja orodha ya "bora zaidi", unasoma aya mbili unahisi umesoma mahali. Ya tatu nikaitambua kabisa. Ilisema sauti ya mashine hiyo ni tulivu, huwezi kumwamsha jirani. Niliiandika 2019 saa nane usiku, kwa sababu mteja alitaka kila mashine iwe na jambo zuri moja kuhusu kelele. Nilikaa nikiitazama. Nilikuwa na pesa mkononi, za kweli, nahitaji mtu aniambie ukweli, na mtu aliyekuwa ananijibu ni mimi wa hosteli.

Nikaacha kusoma sifa, nikaanza kusoma vijitabu vya maelekezo. Hicho ndicho kitu cha maana nilichojifunza kutokana na kazi ile: kijitabu cha mashine hakina haja ya kukufurahisha. Kinasema uzito, wati, upana, kina cha kukata, na mambo yote yanayoweza kukuua.

Nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa mashine ya mtumba kutoka Marekani, DeWalt DW735, inchi kumi na tatu. Jamaa mmoja Eldoret alikuwa anaiuza. Hiyo niliijua kama namba ya simu ya nyumbani. Nilikuwa nimeisifu katika makala tisa. Visu vitatu, silinda inazunguka mara 10,000 kwa dakika, mwendo wa aina mbili, wa haraka wa kupunguza na wa polepole wa kumalizia. Bei ilikuwa nzuri mpaka ukatazama plagi. Imeundiwa umeme wa volti 120. Wetu ni 240. Ukiichomeka hivyo hivyo, unapata moshi wa elfu sabini. Inahitaji transfoma, na mashine ya ampea 15 inataka transfoma kubwa, siyo ile ndogo ya kuendeshea blenda ya shangazi aliyerudi kutoka Boston. Halafu visu vyake ni vyembamba, vina makali pande mbili. Vikiisha upande huu unageuza, vikiisha huo unatupa. Baba alivitazama kwenye picha. "Havinolewi?" Havinolewi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa sufuria isiyooshwa.

Ya pili ndiyo aliyoipenda yeye. Thiknesa ya chuma cha kuyeyusha, inchi kumi na mbili, imetengenezwa China, uzito wake wanaume wanne na matusi. Visu vya kunolewa. Mota nzito ya kimyakimya, isiyo na brashi za kaboni, ya aina inayodumu mpaka mjukuu. Niliikuta duka moja Industrial Area, Nairobi, nilipoenda kwa siku moja na basi la usiku. Muuzaji alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Unanunulia mzee?"

"Tunanunua sisi wawili."

"Basi mwambie mzee apige simu."

Nikamwuliza mota ni fezi ngapi. Akanitazama upya. Kuna ya fezi tatu na ya fezi moja, akasema, na ya fezi moja ni hiyo hapo. Nikamwuliza ikiwaka inavuta ampea ngapi mwanzoni. Hapo akaita mwenzake.

Hiyo ampea ya mwanzoni ndiyo iliyotuamulia, na hakuna makala yangu hata moja iliyowahi kuigusa, kwa sababu mtu wa Ohio hana haja nayo. Mota ya aina ile, wakati wa kuanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishakolea. Kama laini yako ina nguvu, inapita kwa sekunde moja na hujui. Sisi tuko mwisho wa laini. Transfoma iko mbali, na katikati kuna posho mili, kuna mtu wa kuchomelea mageti, kuna baa. Nilikuwa nimeazima mita ya kupimia umeme kwa jirani nikakaa nayo wiki nzima, naandika kwenye daftari kama muuguzi. Asubuhi 232. Saa tano, posho mili ikiwaka, 205. Saa moja jioni, 188. Kwa volti kama hizo mota nzito inanguruma bila kuzunguka, inapata joto, na baada ya miezi kadhaa unaitoa koili zikiwa nyeusi. Fezi tatu ingekuwa dawa, volti 415, lakini gharama ya kuvutiwa laini niliyotajiwa ilikuwa inazidi mashine yenyewe, na anayekutajia hakupi tarehe.

Baba alisikitika. Nilimwona. Alikuwa ameshachagua mahali pa kuiweka, ameshachimba kidogo ili amwage zege.

Ya tatu ilikuwa ndogo. Makita 2012NB, ya volti zetu, inchi kumi na mbili, kilo kama ishirini na nane, watu wawili wanainua, hata mmoja akijitia nguvu. Mota ya brashi. Mota za brashi zina kelele ya kutisha, zinaisha brashi, hazijajengwa kufanya kazi mchana kutwa, lakini umeme ukishuka hazigomi. Zinapunguza tu nguvu, na wewe unapunguza kina. Visu viwili, na hivyo pia ni vya kugeuza na kutupa, kwa hiyo pale Baba alishindwa. Kina cha kukata ni milimita tatu kwa ubao mwembamba, na kwa mpana ni nusu ya hapo. Nilitajiwa 128,000 na seti moja ya visu vya akiba.

Sasa hesabu. Mama aliifanya kabla yangu, akiwa anachambua mboga, bila karatasi. Benchi moja lina kama futi thelathini na tano za ubao. Mara thelathini, ni futi 1,050. Mashine ya mjini inapiga randa kwa shilingi kumi kwa futi.

"Elfu kumi na mia tano," akasema. "Weka elfu nne ya gari. Wewe unataka kutoa mia moja ishirini na nane."

Sikuwa na jibu la hesabu, na sina hadi leo. Ili mashine irudishe pesa zake kwa shilingi kumi kwa futi, inabidi ile futi 12,800. Nilimweleza kwamba pale mjini foleni ni wiki mbili, kwamba ukiwaambia milimita ishirini na mbili wanakupa kumi na tisa na hakuna wa kumuuliza, kwamba baada ya mabenchi kutakuwa na kazi nyingine na bega litakuwa lile lile. Yote ni kweli. Lakini hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba sikutaka Baba arudi kwenye ile mashine, na nilijua akipata nafuu atarudi, wiki ya saba asubuhi, kabla sijaamka.

"Na chuo?" Mama akauliza.

Nikasema, "Mama, mimi sirudi chuo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisema. Miaka mitano. Mama aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha, akaanza kuchambua zilizochambuliwa. Halafu akainuka akaenda kufungia kuku. Jioni ile hakuzungumza na mimi, wala kesho yake. Siku ya tatu akaniletea chai karakana, jambo ambalo huwa hafanyi, akasimama mlangoni.

"Hiyo mashine ina warranti?"

"Iko nayo."

"Ya maandishi?"

Ilikuja na basi, kwenye katoni, imefungwa kamba za manila kama mbuzi. Tuliiweka juu ya meza nzito ya mvule, tukaifunga kwa bolti. Nilikuwa nimenunua kebo nene ya milimita mbili nukta tano, kwa sababu ekstensheni nyembamba inakula volti ambazo huna. Kisha Baba akataka nimsomee kijitabu. Kilikuwa na Kiingereza na lugha nyingine nyingi, Kiswahili hakipo. Nikawa natafsiri kwa sauti, ukurasa wa maonyo: usivae nguo zinazoning'inia, usisimame nyuma ya ubao moja kwa moja, usitie mkono ndani mashine ikiwaka. Hapo akainua mkono wa kushoto.

"Hiyo ruka. Hiyo nimesoma."

Kuhusu kunyoosha upande wa kwanza, tulifanya ujanja ambao nilikuwa nimewahi kuuandika kwa mistari miwili tu, kama kitu cha kujaza nafasi. Unatafuta ubao mmoja mnene ulionyooka kabisa, huo unakuwa kitanda. Ule uliopinda unaulaza juu yake, na pale unapoelea unachomeka vikabari vidogo ili usicheze wala rola zisiubonyeze, unaweka kizuizi mwishoni. Vyote viwili vinapita pamoja. Visu vinakula vilima peke yake. Ukishapata upande mmoja bapa, unautoa kitandani, unaugeuza, unaendelea kawaida. Ni polepole. Kila ubao unachukua dakika kumi kuupanga kwa ajili ya sekunde ishirini za kukata. Baba alikata vikabari hivyo kwa patasi, amekaa kwenye gogo, bega halimsumbui kwa kazi ya kiganja, na nadhani hakuna kitu kilichomfurahisha mwaka huo kama vile vikabari. Alivipanga kwa ukubwa kwenye kopo la kimbo.

Niliwasha. Nitasema tu kwamba mwanamke yule aliyeandika habari za jirani kutoamshwa anapaswa kuletwa pale. Kuku walikimbilia kwa jirani. Mbuzi wa mtu alikata kamba. Kelele za mashine kama hii zinapita mbali desibeli 85, kiwango ambacho ukikaa nacho kila siku masikio yanaharibika, na kwa bei ya kuku mmoja nilinunua vizuia sauti viwili siku iliyofuata. Baba hutoa chake anaposikiliza ubao. Tunagombana kila siku juu ya hilo.

Ubao wa kwanza ulitoka mzuri katikati. Kwenye ncha mbili, kama inchi tatu kila upande, palikuwa pamebonyea kidogo, unene wa karatasi mbili. Niliujua ugonjwa huo kwa jina la Kiingereza na dawa zake tano. Unatokea kwa sababu ubao ukiingia au ukitoka umeshikwa na rola moja tu, ncha inainuka kuelekea visu. Nikaanza kumweleza Baba: tuinue ncha kidogo wakati wa kuingia, tuweke mbao zifuatane mkia kwa kichwa, tukate kidogo kidogo. Alipitisha kidole gumba mara moja.

"Si tunakata futi kumi na nusu," akasema, "halafu tunaondoa ncha?"

Ndivyo tulivyofanya kwa mabenchi yote thelathini. Yalichelewa siku tisa, kanisa halikulalamika sana. Saipresi changa iliendelea kutuchezea hadi mwisho, hasa penye mafundo, ambapo nyuzi hung'oka hata ukile nusu milimita. Mvule ni mbaya zaidi. Nyuzi zake zinapishana, na ndani mara nyingine kuna vijiwe, chokaa iliyogandia ndani ya mti wenyewe, kinachoweza kukata meno visu vya elfu kadhaa kwa pigo moja. Tumejifunza kukubali kazi ya mvule kwa bei nyingine.

Mama hukusanya maranda. Mashine ile inatoa maranda mengi ajabu, mepesi, makavu, na watu wa kuku wa nyama wanayanunua kwa gunia. Kwanza alikuwa anachukua ya kuku wake, akasema ni kupunguza taka. Sasa ana daftari. Maranda ya mvule tumemkataza kuyauza, vumbi lake linawasha kifua, hata kuku. Sijui kama ameingiza gunia ngapi, hataki nione, ila wiki iliyopita aliniuliza kama tuna kazi ya saipresi inayokuja, kwa sauti ya mtu aliye na oda.

Ile mashine ya zamani Baba aliifungua mwenyewe, bolti kwa bolti, bega lilipopona. Mota aliifungia jiwe la kunolea. Visu viwili amevitundika ukutani, vimepakwa girisi, na sijamwuliza kwa nini.

Mwezi uliopita alikuja fundi mmoja kijana kutoka upande wa Kamukuywa, na bodaboda, mbao sita za paini zimefungwa nyuma zinaburuzika. Alikuwa amesikia. Tulipatana shilingi kumi na mbili kwa futi. Akaizunguka mashine, akaipiga picha, akasoma kibandiko.

"Siz, nataka kununua kama hii. Lakini naona mtandaoni wanasema ile ya DeWalt ndiyo kali. Wewe unaonaje, ipi bora?"

Nilianza kufungua mdomo, na sentensi zilikuwa zimeshajipanga, zote, na ule mzee wa ndevu alikuwa tayari.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nimetumia hii tu. Kwenu umeme ni volti ngapi jioni?"

Hakujua. Nikampa ile mita aende nayo, arudishe Jumamosi. Halafu nikainua ubao wake wa kwanza nikauona una vichwa viwili vya misumari, na mwingine unaonekana kama ulikuwa boksi la zege. Nikaenda kutafuta sumaku.